Kesha la Njura

"Mama Runji, omba Mungu mume wako awe na kifafa."

Wakili Munene alisema hivyo huku akimenya ndizi, katika ofisi yake ya ghorofani mjini Embu, wala hakushtushwa na maneno yake mwenyewe. Gladys aligeuka kumtazama mumewe. Njura, aliyekuwa dereva wa pikapu ya muguka kutoka Gachoka, alikuwa ameketi kando yake, kidevu kifuani, mdomo umelegea. Alikuwa amelala tena.

"Kama ni kifafa, huo ni ugonjwa," wakili aliendelea. "Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa ugonjwa ambao hakujua ako nao. Lakini kama ni usingizi tu, basi alijua amechoka na bado akashika gari. Hiyo ni jela. Mtoto alikufa, mama. Hapo hatuchezi."

"Na tutajua aje?"

"Utingo wake aliambia polisi nini? Kwamba kabla gari itoke barabarani, mkono wa Njura uliruka juu ya usukani, kama mtu ameshikwa na kitu. Hapo ndio nimeshikilia. Aende hospitali apimwe kichwa."

Gladys alimgusa Njura begani. Alimgusa tena. Wakili alimaliza ndizi yake akiwatazama, na Gladys akaona aibu, kana kwamba amemleta mzee mlevi kwenye harusi ya watu.

Muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, hauna subira. Ukichumwa leo, kesho uwe Mombasa. Jani likinyauka ni takataka, kwa hiyo anayelipeleka hana ruhusa ya kunyauka. Kwa miaka mingi Njura aliendesha usiku kucha akitafuna mzigo wa tajiri wake ili aufikishe, kisha akarudi, akapakia, akaenda tena. Tajiri huyo, Thuranira, mtu wa Meru mwenye magari kadhaa, alipenda kujisifu sokoni kwamba dereva wake halali. Asubuhi ile Njura alikuwa ametoka Mombasa na kuambiwa apakie tena papo hapo. Karibu na shule ya msingi alifumba macho, akayafumbua, na mtoto alikuwa chini. Cicily, wa darasa la tatu, binti ya Veronicah anayeuza nyanya pale Gachoka.

Thuranira alipoombwa asaidie kesi alijibu kwa simu, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Mimi niliajiri dereva," alisema. "Sikuajiri usingizi."

Wiki hiyo hiyo pikapu ilipata dereva mwingine.

*

Nyumbani, mama yake Njura alisikia neno kifafa akaweka chini ungo wa maharagwe.

"Kwetu hakuna mtu wa kifafa," alisema Ciakuthii. "Hakuna upande wa baba yake, hakuna upande wangu. Hiyo kitu mmetoa wapi?"

"Ni wakili amesema, Cucu," Gladys alisema, akimwita bibi kwa lugha yao kama watoto walivyomwita. "Tunapima tu."

"Ukipima unaitafuta. Una wasichana wawili humu ndani, Gladys. Nani atakuja kuuliza msichana kwa boma ya kifafa? Watu watapita hapo kwa geti wakitema mate."

"Na baba yao akifungwa?"

"Mtu akifungwa anatoka," mama mkwe alisema. "Kifafa hakitoki."

Hapo Gachoka jambo hilo lilikuwa kweli. Wafungwa waliotoka walikuwa wanakaa vizuri tu, mmoja hata alikuwa mzee wa kanisa. Lakini yule kijana wa bonde la chini aliyeanguka kifafa sokoni wakati mmoja, hadi leo watu walimpa kikombe chake peke yake.

Hata hivyo ni Ciakuthii aliyetoa njia ya kulipia kipimo. Alikodisha shamba lake la muguka, na aliyelikodi, kwa kuwa dunia haina haya, alikuwa Thuranira. Bibi kizee hakufanya hivyo kwa kumwamini wakili. Alitaka mashine yenyewe iseme mbele ya watu kwamba mwanawe ni mzima. Kwa hiyo wanawake wawili wa nyumba moja walikubaliana kuhusu kipimo kimoja, kila mmoja akitarajia jibu lake.

Siku mbili kabla ya kipimo, Kananu, msichana wa mashine ya kupima kichwa pale hospitali, alipiga simu. Gladys aliweka spika ili wote wasikie.

"Usiku wa kuamkia kipimo, mgonjwa akeshe," alisema Kananu. "Asilale hata kidogo. Nywele zioshwe, asipake mafuta. Asipewe chai, kahawa, wala hiyo muguka yenu ya Mbeere. Ubongo ukinyimwa usingizi halafu uachiliwe kulala, hapo mlangoni, kabla usingizi haujashika sawasawa, ndio unatoa siri. Kama kuna kasoro tutaiona hapo. Kwa hivyo akifika kwangu lazima alale. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana. Asilale."

Gladys alishika neno hilo moja, mengine yalimpita. Na Ciakuthii naye alishika lake.

"Amesema akeshe?" aliuliza. "Basi niite akina mama wa kanisa."

"Cucu, si kesha ya maombi. Ni kukaa macho tu."

"Na kesha ni nini kama si kukaa macho?"

Mtu atamjibu nini mama mkwe kwa swali kama hilo? Kesho yake jioni wanawake wa kanisa waliingia na vitabu vya nyimbo, leso na ngoma moja, wakamketisha Njura katikati ya sebule juu ya kigoda kisicho na mgongo.

*

Mwanzoni ilikuwa karibu raha. Waliimba, walipiga makofi, na Njura aliimba nao. Lakini hakuwa na muguka mdomoni, na tangu aache kutafuna baada ya ajali, usingizi wa miaka yote ulikuwa umerudi kumkaba. Macho yake yalibaki wazi huku yakipoteza nuru. Mdomo uliendelea na pambio, mara maneno yakabadilika.

"Mtito," alisema katikati ya wimbo, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tunashuka, tununue soda."

Wanawake walicheka. Kwa muda wakamfanya mchezo, wakimwuliza amefika wapi, naye akiwajibu kutoka huko aliko kwenye barabara ya Mombasa, mara Voi, mara Mariakani, macho wazi, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Gladys hakucheka. Alikuwa akiona jinsi mtu anavyoweza kuwa macho mbele yako na kichwa chake kimeshalala zamani, na alielewa, kwa mara ya kwanza, asubuhi ile pale shuleni ilikuwaje. Wazo hilo lilimtia baridi, kwa sababu halikufanana na kifafa hata kidogo. Alilifukuza.

Ikaja zamu ya maombi. Ciakuthii aliomba kwa sauti, mikono juu, "Bwana, onyesha mwanangu hana kitu." Kando ya mlango wa jikoni, Gladys aliomba kwa midomo tu, "Bwana, onyesha anacho." Sijui Mungu wa Gachoka alizipokeaje sala hizo mbili kutoka chini ya mabati mamoja.

Kisha mwanamke mmoja mnene, mweka hazina wa kikundi, akaombea walioumizwa. "Mkumbuke mama Veronicah," alisema. "Mkumbuke mtoto wetu Cicily."

Njura aliruka kutoka kwenye kigoda kana kwamba amemwagiwa maji ya moto.

"Niko macho!"

Njura alitazama huku na huku, jasho likimtoka, akaketi tena polepole. Mwanamke yule aliendelea kuomba, ingawa kwa haraka zaidi, na wote wakasema amina. Gladys alikuwa ameona lililomwamsha.

Wanawake wa kesha walichoka kabla ya mgonjwa. Mmoja alikumbuka ng'ombe wake, mwingine mguu wake unaouma, na wengine wakawafuata wakiwa wamejifunika leso. Ciakuthii mwenyewe alisema anapumzisha macho kidogo, na dakika hiyo hiyo alikuwa akikoroma chumbani. Gladys akabaki na mumewe.

Alijaribu yote ambayo mtu mwema hujaribu. Alimtembeza uani hadi Njura akalala akitembea na kugonga ukuta wa zizi. Alimnawisha uso kwa maji ya mtungi. Alimfinya. Alimsimulia habari za watoto, na Njura akaitikia "mm, mm" hadi "mm" zikageuka kuwa mkoromo. Kila alipomwinua aliinamia tena upande mwingine, mzito, mkaidi, na Gladys akaona jela ikimjia mumewe kupitia kope zile. Ndipo akasema lile jina. Alilisema taratibu, karibu kwa huruma.

"Cicily."

"Niko macho," Njura alisema, akikaa wima.

Lilifanya kazi. Na kitu kinachofanya kazi kina ubaya wake, kwamba mtu hukirudia. Alilirudia. Lilipoanza kupoteza nguvu aliliongezea. Cicily alikuwa na sweta ya kijani iliyoshonwa kiwiko. Cicily alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kiatu cha Cicily kilipatikana upande ule mwingine wa barabara. Kila mara Njura, macho yakiwa mekundu kama nyama, alijibu vile vile, "Niko macho, niko macho."

"Mama Runji, niletee muguka kidogo tu."

"Hapana. Wamekataza."

"Basi nipige. Chukua mwiko unipige, lakini hiyo jina achana nayo."

"Ukikaa macho sitasema."

"Nakaa."

Alikaa. Halafu kidevu kikashuka.

"Cicily!"

Na tuseme ukweli wote. Mwanzoni Gladys alifanya hivyo kwa ajili ya mumewe. Kuelekea alfajiri alikuwa pia akijifanyia mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na hasira ambayo hakuwahi kupata mahali pa kuiweka: kwa safari zile zote, kwa majirani walioacha kuja kuomba chumvi, kwa sokoni alikopita mbali ili asiione meza ya nyanya ya Veronicah. Alikuwa mke aliyenyamaza vizuri tangu siku ya ajali, na sasa hospitali yenyewe ilikuwa imempa ruhusa. Alisikia utamu fulani kila Njura aliporuka. Alipogundua utamu huo aliogopa, lakini hakuacha.

*

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, chenye pazia zito na kitanda chembamba. Kananu alipaka kichwa cha Njura dawa nzito nyeupe, akabandika waya moja baada ya nyingine, akazima taa.

"Haya, baba. Umefanya kazi nzuri. Sasa lala."

Gladys alikaa nje kwenye benchi pamoja na mama mkwe, wote wamechoka. Wagonjwa waliokuja baada yao waliingia vyumba vingine, wakatoka, wakaenda zao. Hatimaye Kananu akatoa kichwa mlangoni.

"Mama, alikesha kweli?"

"Kweli kabisa. Hakulala hata kidogo."

"Mtu aliyekesha huwa analala hapa hata kabla nimalize kubandika waya. Huyu kila mistari ikianza kutulia, akianza tu kushika usingizi, anaruka anakaa. Naona ubongo uko macho tu. Hakuna usingizi. Mlimpa muguka?"

"Hapana!"

"Basi mlimweka macho na nini?"

Gladys alitazama sakafu. Alieleza kwa maneno machache, na kwa kila neno Ciakuthii, ambaye alikuwa amelala wakati huo wote, alizidi kumgeukia. Kananu hakumkemea. Ingekuwa afadhali angemkemea.

"Tulisema asilale, mama," alisema. "Hatukusema mumtie hofu ya kulala. Akienda kwa ule mlango sasa, si anakuta huyo mtoto amesimama?"

Walijaribu dawa ya mwisho, nayo ilikuwa Gladys mwenyewe. Aliingizwa gizani, akashika mguu wa mumewe juu ya shuka, ule mguu aliojua kila ufa wake. Njura alikuwa amelala chali, kichwa kimejaa waya, pumzi imeanza kuwa ndefu. Gladys akainama.

"Lala, Baba Runji," akanong'ona. "Lala mume wangu."

Ilikuwa sauti ile ile ya usiku.

"Niko macho!" Njura alipiga kelele, na waya mbili zikabanduka.

Daktari aliyesoma karatasi za mashine aliwaita mchana. Alikuwa na upole wa mtu mwenye foleni ndefu. Alisema hakuna alama yoyote ya kifafa iliyoonekana, lakini pia usingizi haukupatikana, kwa hiyo hawezi kusema kipo wala hakipo. Wangeweza kurudia, ila nafasi ya karibu ilikuwa baada ya tarehe ya kesi. Gladys alimwuliza juu ya ule mkono ulioruka kwenye usukani.

"Hiyo peke yake haisemi kitu," daktari alisema. "Hata mimi mkono wangu huruka nikishikwa na usingizi. Hata wewe."

Ciakuthii alisikia sehemu moja tu. Walipofika Gachoka hakupitia nyumbani kwanza. Alikwenda kwa mweka hazina wa kikundi, kisha kwa jirani, kisha kwenye kinu cha unga, akiwaambia wote kwamba mashine imesema mwanawe hana kifafa, asifiwe Bwana. Alikuwa na furaha ya kweli. Jioni aliwapikia wajukuu chapati.

*

"Ugonjwa tumeukosa," Munene alisema kwenye ngazi za mahakama. "Sasa amekubali kosa, tunaomba huruma. Mama ya mtoto amepewa nafasi ya kuongea, na mimi nimesikia hana moyo mbaya, anaweza kumwachilia kwa maneno. Hakimu atamsikiza sana. Kwa hivyo Njura, wewe simama wima, ukiambiwa kaa ukae wima, umwangalie huyo mama machoni. Usisinzie. Ukisinzia hapo ndani umejifunga mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Njura. Tangu siku ya mashine hakuwa amelala usiku hata mmoja sawasawa. Chumbani mwao alilala mbali na mkewe, kwenye kiti, na Gladys alimsikia akishtuka kila alipoanza kuzama. Mchana ndipo mwili ulijilipa, popote alipo, bila kumwuliza.

Veronicah alikuwa amevaa gauni la kanisani. Hakutazama upande wa kina Gladys. Alisimama akishika ukingo wa ubao wa mashahidi kwa mikono yake iliyozoea makreti, akaanza kwa Kiswahili cha shuleni, pole pole, na mahakama ikatulia sana, kiasi cha kusikika feni.

"Mheshimiwa, mimi ni mama ya yule mtoto," alisema. "Nimeulizwa nataka nini. Nimekaa nikafikiria. Huyu mtu tunaishi naye. Watoto wake wanasoma na wangu wale wamebaki. Nikilala naota kiatu. Lakini nimejiuliza, huyu akifungwa, nitaacha kuota?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka. Ilikuwa sauti nzuri ya kulalia. Kizimbani Njura alikuwa amemkazia macho kama alivyoagizwa, na Gladys, aliyeketi benchi la mbele, alikuwa mtu wa pekee mle ndani aliyejua maana ya macho yale. Yalikuwa wazi. Nuru ilikuwa ikiondoka. Kidevu kikaanza kushuka.

"Kanisani wanasema tusamehe," Veronicah aliendelea. "Mimi sikuja hapa kuomba—"

Mkono wa Njura uliruka juu ya ukingo wa kizimba. Hakimu alianza kuinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Gladys hakufikiria. Midomo yake ilikuwa imezoea.

"Cicily," alisema, kwa ule mnong'ono mkali wa usiku ule, kama mtu anavyomfukuza mbwa jikoni.

Njura aliruka wima.

"Niko macho!"

Veronicah aligeuka, si kwa Njura, bali kwa benchi, akatafuta uso uliolitoa jina lile hadi akaupata. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wanawake wale wawili walitazamana.

"Umemwita nani?" aliuliza.

Ni Njura aliyejibu, kwa adabu, bado nusu ya kichwa chake iko kwingine, akitaka tu kusaidia.

"Ni mimi anaita, mama," alisema. "Hiyo ndio jina ya kuniamsha."

Askari alimshika bega akamketisha. Wakili Munene alifunika uso kwa mkono. Veronicah alisimama akishika ule ubao, akimtazama Gladys kama anayejaribu kusoma bei ya kitu ambacho hangekinunua kamwe. Kisha akamgeukia hakimu.

"Mama, ulikuwa unasema hukuja kuomba nini?" hakimu aliuliza. "Endelea."

"Nimemaliza, mheshimiwa," Veronicah alisema. "Fanyeni vile sheria inasema."

Alirudi kuketi. Hakimu aliinama akaandika kwa muda mrefu, na feni ikaendelea kuzunguka, na kizimbani kidevu cha Njura kikashuka taratibu hadi kifuani. Safari hii Gladys alimwacha alale.